Waheshimiwa Wasioomba Chumvi

Jumatatu, mvua ya kwanza

Nimeanza kuandika kwa sababu dada yangu amechoka kunisikiliza. Anasema namshuku kila mtu, hata mtoto mchanga akilia nataka kujua analilia nini hasa. Marehemu mume wangu alikuwa akiniambia hivyo hivyo, ila yeye alikuwa akicheka.

Leo nimeanza kazi ya upishi katika Nyumba ya Baraza. Mjomba ndiye aliyenitafutia. Yeye ni mpiga mbiu wa mji: Baraza likitoa amri, husimama kwenye ngazi kuu na kuitangaza, na sauti yake, ingawa umri umekwenda, bado inafika mpaka mtaa wa chini kando ya ukuta wa mto. Mpishi aliyekuwapo amehama na wanawe, kama wengi walivyohama.

Mjomba alinionyesha jiko, kisha akanipa masharti. Nipike chakula cha wajumbe tisa. Niweke sinia tisa kwenye meza iliyo nje ya mlango wa ukumbi, nigonge mara moja, niondoke. Nisirudi mpaka kengele ilie.

"Kwa hiyo siwaoni?" nikamuuliza.

"Unataka kuwaona ili iweje? Wewe pika."

Jibu hilo sikulipenda.

Jumanne

Mvua. Jiko linavuja. Nimetega masufuria, na sasa sina sufuria la kupikia.

Alhamisi

Leo nilipata nafasi ya kuzunguka. Nyumba hii iko juu kabisa ya mji, na kuba lake ni la vioo vya buluu. Nusu ya vioo imeanguka, wameziba kwa mbao. Upepo ukipita, kuba linatoa mlio kama wa mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Kwenye korido zimesimama sanamu za waasisi wa mji, pua zote zimelika kwa unyevu, kwa hiyo waasisi wetu wote sasa wanafanana. Mahakama imefungwa. Nilichungulia kwenye tundu la ufunguo: njiwa wametaga kwenye kiti cha jaji. Ile Shule ya Wajenzi ng'ambo ya uwanja imebakiwa na ngazi tu, zinapanda vizuri kabisa kisha zinaishia hewani.

Mtaa wa juu, unaoizunguka Nyumba ya Baraza, ni majumba matupu. Wenyewe wamehamia nyuma ya milima, na milango imefungwa kwa minyororo yenye lakiri ya Baraza. Mtaa wa chini ndiko tulikobanana sisi tuliobaki. Ukuta unatukinga na mto, na maji yanayopenya chini ya ukuta yanatekwa na gurudumu kubwa na kurudishwa mtoni. Zamani gurudumu lilijizungusha lenyewe, kama vitu vingi vya mji huu. Waliojua namna yake walikufa bila kumfundisha mtu. Siku hizi linasukumwa na wanaume kwa zamu, mchana na usiku. Shemeji yangu, mume wa dada, ni mmoja wao.

Kitu kimoja tu cha zamani bado kinafanya kazi: taa za viti. Ukumbini kuna viti tisa vya mawe, na juu ya kila kiti kuna dirisha lenye taa. Mjumbe akiketi, taa yake inawaka yenyewe. Akiinuka, inazima. Siku za mvua, mbingu zikiwa nyeusi, zinaonekana hata mchana. Watu wa chini huinua macho wakazihesabu. Zikiwa tisa, Baraza limeketi na mji una mwenyewe. Dada yangu hawalazi watoto mpaka azione.

Jumamosi

Sinia zimerudi. Nane kati yake zimefutwa kwa mkate mpaka zinang'aa. Sinia moja imerudi na maganda ya mkate na supu nusu.

Mimi nimepikia wakubwa kabla ya hapa, nyumba ya hakimu na nyumba ya tabibu. Mtu mkubwa hafuti sahani kwa mkate. Anaacha kidogo ili ionekane hakuwa na njaa.

Jumatatu, wiki ya pili

Wiki nzima hakuna hata mheshimiwa mmoja aliyelalamika. Hakuna aliyeomba chumvi. Hakuna aliyesema kitunguu kinamletea kiungulia. Wazee tisa, na matumbo yao yote ni mazima? Hapana. Hapo pana jambo.

Jumanne

Nimetia chumvi mara tatu ya kawaida. Mwenyezi anisamehe.

Sinia nane zimerudi zimefutwa. Halafu Mjomba akaja jikoni na uso wa mtu aliyetumwa asikopenda. Akasema, "Mjumbe mmoja anauliza kama ulikuwa unalia ndani ya supu."

"Na wengine?"

"Wengine wamekula."

"Wote?"

"Mwanangu, watu wakila ukashuku, na wasipokula ukashuku, utapika lini?"

Nikacheka ili aondoke. Alipogeuka niliona upindo wa joho lake. Ulikuwa na matope ya kijivu. Matope ya mtaa wa juu ni mekundu. Ya kijivu yako sehemu moja tu, kule chini kwenye gurudumu.

Ijumaa

Mvua haijakata tangu juzi.

Jumapili

Nimeshinda kwa dada. Nyumba yake ni ya tatu kutoka ukutani. Ameinua kitanda kwa matofali na amepandisha unga juu ya kabati. Kwenye sakafu maji yanachungulia katikati ya mawe, yanarudi, yanachungulia tena.

Alinivuta pembeni watoto wasisikie. "Mdogo wangu, shemeji yako ana mwanamke."

"Umemwona?"

"Nimwone wapi? Nakuambia, tangu ahamishiwe zamu ya usiku anarudi ameshiba. Mtu ametoka kusukuma gurudumu usiku kucha, harudi asubuhi, anarudi jioni, na akirudi hataki chakula. Namuuliza umekula wapi, ananiambia hana njaa. Tangu lini mwanamume yule akakosa njaa? Na nguo zake zinanukia kitunguu cha kukaanga."

Nikasema nitamchunguza. Nilisema kwa sauti ya dada mwema, lakini moyoni nilifurahi kidogo kwamba na yeye amejifunza kushuku.

Shemeji aliporudi nilimsalimia kwa kumkumbatia, jambo ambalo si kawaida yangu, akashtuka. Ni kweli ananukia kitunguu. Kitunguu, na bizari, na ule moshi wa kuni mbichi.

Mimi ndiye ninayepikia kuni mbichi. Hiyo ni supu yangu.

Jumatatu, wiki ya tatu

Sikulala vizuri. Nimejipangia hivi: Mjomba anaiba chakula cha Baraza, anakishusha gurudumuni, anakiuza au anakigawa. Ndiyo maana ya matope. Lakini kama chakula kinashuka, mbona sinia zinarudi kutoka ukumbini? Na mbona taa zinawaka tisa, kila siku, bila hata moja kukosa, hata kwa mafua?

Jumanne

Wazee wa mtaa wa chini wamepanda leo, wameloa mpaka mifupa, kuliomba Baraza lifungue majumba ya juu watu wahamie mpaka mvua ziishe. Nilikuwa nyuma ya dirisha la jiko. Mjomba aliwapokea vizuri, akaingia ndani na ombi lao. Alikaa kitambo cha mtu kunywa kikombe cha chai. Akatoka, akasimama kwenye ngazi.

"Baraza limesikia. Baraza limepima. Maji hayajafika kwenye alama ya hatari. Kila mtu abaki nyumbani kwake, na gurudumu lisisimame."

Fundi viatu, yule mwenye mguu mmoja mfupi, akasema, "Mpiga mbiu, alama yenyewe imeshazama. Wanaipima vipi?"

Watu wengine wakamnyamazisha. Wakainua macho madirishani. Taa tisa. Wakashuka.

Mimi nilimwangalia Mjomba, si taa. Alikuwa akiwatazama wakishuka, na mdomo wake ulikuwa ukitembea bila sauti, kama mtu anayehesabu watoto wake njiani. Nilitaka kumchukia, ila uso ule haukuwa wa mwizi. Sijui ulikuwa wa nini, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Alhamisi

Bawabu wa lango kuu hajaja kazini. Wanasema amehama. Ufunguo ameuacha kwenye tundu lake.

Ijumaa

Nilimuuliza Mjomba waziwazi. "Wajumbe wanaingilia mlango gani? Niko hapa wiki tatu, sijaona hata mwavuli."

"Kuna mlango wa nyuma."

"Nimeuona. Una kutu mpaka kwenye komeo."

Akaweka mkono begani kwangu, mkono mzito wenye baridi. "Mama yako alinikabidhi nyinyi wawili mkiwa wadogo. Nimewahi kuwadhuru?"

"Hapana."

"Basi niache nifanye kazi yangu."

Hajawahi kutudhuru, ni kweli. Alitulea kwa sauti ile ile, akitangaza uji umeiva kana kwamba ni amri ya Baraza. Nikaona aibu. Aibu ilidumu mpaka nilipoosha sinia na kukuta alama ya kidole gumba kwenye ukingo wa moja yao. Kidole cha matope, kipana, chenye kovu katikati. Shemeji alikatwa gumba na mnyororo mwaka juzi. Mimi mwenyewe nilimfunga kitambaa.

Jumatatu, wiki ya nne

Haya nayaandika siku mbili baadaye. Nitaandika yote.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, kulikuwa na giza la mvua hivi kwamba nilipika kwa mwanga wa taa. Nilipeleka sinia, nikagonga, nikaondoka, kisha nikavua viatu na kurudi. Mlango ulikuwa umefunguliwa kidogo, sinia zimeshaingizwa. Nikasikia mkoromo. Haukuwa mmoja. Ilikuwa mikoromo mingi iliyopishana, mmoja ukipanda mwingine ukishuka.

Nikasukuma mlango.

Ukumbi ni mkubwa na una baridi. Kwenye viti vinane walikuwa wameketi wanaume wanane wamevaa majoho ya wajumbe, vichwa vimeanguka vifuani, wamelala. Chini ya majoho miguu ilikuwa mitupu, ya matope ya kijivu mpaka magotini. Sinia tupu mapajani. Juu ya kila kichwa taa ya dhahabu ikiwaka kwa utulivu, kana kwamba yaliyo chini yake hayaihusu. Kwenye kiti cha nne alikuwa shemeji yangu, mdomo wazi, kipande cha mkate mkononi.

Nilisimama kama sanamu ya korido. Halafu sauti ikasema, "Wewe ndiye wa chumvi."

Kwenye kiti cha katikati alikuwapo bibi mmoja mdogo, mkavu, macho angavu, na blanketi miguuni. Yeye hakuwa amelala. "Funga mlango," akasema. "Kuna upepo, na hawa watu wamechoka."

Nikafunga. Nikapiga goti, nikamsalimia shikamoo, na akaniitikia taratibu kama mtu ambaye hajasalimiwa siku nyingi.

"Wako wapi wengine?" nikauliza.

"Watatu wamekufa. Watano wamehama, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akisema atarudi mvua zikiisha. Hakuna aliyesema ni mvua za mwaka gani." Akavuta blanketi. "Sheria yetu inasema viti vikipungua, Baraza limevunjika, na lakiri yake haifungi kitu. Mjomba wako akaja na shauri. Watu wa gurudumu wanahitaji pa kulala na cha kula, viti vinahitaji watu. Nikakubali. Niliona heri taa ziwake. Mji usio na taa unakimbiwa kwa siku moja."

"Na maji, Bibi?"

"Maji yana nini? Mjomba wako ananiambia kila siku yako kwenye jiwe la kwanza la ukuta. Mimi ngazi siziwezi tena, na dirisha langu linatazama milima."

"Bibi, maji yako chini ya kitanda cha dada yangu."

Nikaenda kumtikisa shemeji. Aliamka akaniona mimi, akafunga macho tena kama mtoto anayetumaini ni ndoto.

"Shemeji, amka. Mwambie Bibi habari za gurudumu."

Akasimama, na taa yake ikazima. "Mhimili umepasuka," alisema, akimtazama Bibi kwa woga. "Tangu wiki ya pili ya mvua. Tumeufunga kwa minyororo lakini hautafika mbali. Tulimwambia mpiga mbiu aje akuombe ufungue majumba, tuhamishe watoto. Sisi wenyewe hatukuthubutu kukusemesha. Akatuletea jibu lako."

"Jibu gani?"

"Kwamba umekataa."

Mvua ilikuwa inapiga zile mbao za kuba. "Hakuna aliyeniomba," Bibi akasema.

Mjomba aliingia wakati huo, pengine alikuwa amesikia sauti. Akatuona sisi watatu, na nadhani alielewa yote kabla hatujafungua mdomo. Akaketi kwenye sakafu pale pale mlangoni. Sijawahi kumwona mjomba wangu ameketi chini.

"Kwa nini?" Bibi akamuuliza.

"Kwa sababu familia zikipanda, nani atabaki kusukuma?" Hakuinua sauti. "Mwanamume anasukuma gurudumu lile kwa sababu mkewe amelala upande wa pili wa ukuta. Mwondoe mke, atasukuma kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mawe? Gurudumu likisimama, mtaa wa chini umekwenda. Mtaa wa chini ukienda, nusu ya mji imekwenda, na nusu iliyobaki ni majumba yenye njiwa. Nilitaka tuvuke mvua hizi tu. Hizi tu, mwaka mwingine tungeona."

"Umewaweka watoto wa dada yangu kuwa dhamana," nikasema.

"Watoto wale wananiita babu."

"Ndiyo. Na umewaweka."

Hakubisha. Laiti angebisha ningempiga.

Wanaume wengine walikuwa wameamka kwa maneno yetu. Mmoja akasema, "Yaani Bibi hakuwahi kukataa?" Akarudia tena, polepole. Kisha akavua joho akaliacha kitini na kukimbia, na mwingine akamfuata. Taa zikaanza kuzima. Ya pili, ya saba, ya tisa. Nilisikia makelele yakipanda kutoka chini, kwanza sauti moja ya mwanamke, halafu nyingi. Watu walikuwa wameinua macho na wanaona Baraza linazima.

"Watakanyagana kwenye ngazi," shemeji akasema. Yeye ndiye pekee aliyekuwa hajakimbia.

Bibi akamwambia Mjomba, "Mimi bado ni mjumbe mmoja. Simama. Fungua majumba yote. Waite mtaa kwa mtaa, wasije kwa mkupuo. Una kazi ya kufanya na sauti uliyonayo, ifanye."

Akasimama. Akanipita, akaelekea kwenye ngazi kuu.

Nilimsikia kutoka jikoni nikitafuta shoka la kukatia minyororo. Hakutumia maneno ya mbiu, hakusema Baraza limesikia, Baraza limepima. Alisema, "Majumba yako wazi. Mtaa wa wafumaji waanze, wapandie ngazi ya mashariki. Mtaa wa wachinjaji ngojeni. Bebeni watoto, acheni vyombo. Mtaa wa ukutani, gurudumu bado linazunguka, mna muda, msikimbie." Akarudia. Akarudia tena. Sauti ilipoanza kukwaruza aliendelea nayo hivyo hivyo.

Shemeji aliwakusanya wanaume kwenye ngazi. Sijui aliwaambia nini. Najua nusu yao walikwenda kubeba familia zao zote, za wenzao pia, na nusu wakarudi gurudumuni. Mimi nilivunja minyororo na wake wa wachinjaji, mlango baada ya mlango, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ndani ya majumba yale kulikuwa na vumbi, vinanda, vitanda vyenye mapazia, na panya waliotutazama kama wenye nyumba.

Dada alifika amembeba mdogo mgongoni na mkubwa mkononi. Akaniuliza, "Yuko wapi mume wangu?"

"Gurudumuni."

"Na huyo mwanamke wake?"

Nikamwambia mwanamke wake ni mimi, supu yangu. Hakucheka. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama kwenye ngazi na mvua inatunyeshea. Nilipofika kwenye maneno ya Mjomba, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akawashika watoto akaingia ndani.

Mtaa wa mwisho ulipopanda, Mjomba hakuwa na sauti tena. Aliyemwona anasema alishuka ngazi amevua joho, akaenda gurudumuni, akashika mti wa kusukumia kati ya vijana wawili. Walimwambia aondoke. Alikuwa hawezi kuwajibu.

Mhimili ulikatika Jumapili asubuhi. Tulisikia mlio mmoja, kama jiwe kubwa limemeza jiwe jingine. Wanaume walikuwa wameshaanza kupanda. Shemeji alimvuta Mjomba kwa kola ya shati. Baada ya hapo ukuta ulilala, taratibu, kama mtu mzima anayejilaza. Mto ukaingia bila haraka.

Fundi viatu alikuwa amerudi mtaa wa chini kuchukua kalibu zake za kushonea viatu. Hatukumwona tena.

Jumatano, wiki ya tano

Maji yamesimama usawa wa madirisha ya dada. Mabomba ya moshi yanatokeza, na paka mmoja anaishi juu ya bomba la mwokaji. Watu wanaketi kwenye ngazi za majumba wakitazama nyumba zao.

Bado nashuku. Nashuku wale waliohamia nyuma ya milima watarudi kweli, na mawakili, wakisikia tumelala kwenye vitanda vyao. Lakini siku hizi nikishuku sijisikii mwerevu.

Ijumaa

Bibi alibebwa kwenye kiti mpaka uwanjani. Watu wote walikuja. Aliwaambia mwenyewe, kwa kisauti chake, kwamba kwa miaka mitatu walikuwa wakitawaliwa na bibi mmoja na wasukuma gurudumu wanane waliolala. Wapo waliocheka. Wapo waliolia. Mke wa fundi viatu hakufanya lolote kati ya hayo. Alimnyooshea Mjomba kidole, akasema, "Yeye alimwambia mume wangu abaki nyumbani."

Wakaniita mimi nishuhudie. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno yangu siku nyingi, makali yote. Nikasema aliwadanganya, akaweka watoto hatarini akijua. Nikasema pia aliwalisha waliosukuma wakati wakubwa walioapa kutulinda walikuwa wamehama, na kwamba alisukuma mpaka mwisho. Mtu mmoja akaniuliza, "Sasa unataka tumfanye nini?" Nikasema sijui. Nilitazamia watanizomea. Hawakunizomea, nadhani wao pia walikuwa hawajui.

Waliamua hivi: asishike kazi yoyote ya mji tena, na asipewe chumba kwenye majumba yaliyofunguliwa, maana yeye ndiye aliyezuia yasifunguliwe. Hakuna aliyesema alale wapi. Watu wakatawanyika, kulikuwa na kuni za kutafuta.

Jumamosi

Jioni hii Mjomba alisimama mlangoni petu. Tumepata chumba kimoja kikubwa katika jumba la mfanyabiashara wa hariri: dada, shemeji, watoto na mimi. Alikuwa na kifurushi kimoja. Sauti haijarudi, tabibu anasema huenda isirudi. Alisogeza midomo, na ilikuwa lazima kumkaribia ili kumsikia, na hakuna aliyemkaribia.

Shemeji aliangalia sakafu. Mimi nilisema, "Dada, hapa ni kwako. Mimi sina neno."

Dada alikuwa ameketi kwenye godoro akimvua mdogo viatu. Alimtazama Mjomba kwa muda mrefu, yeye aliyetulea, mvua ikimchuruzika kwenye ndevu. Kisha akaendelea na kiatu cha pili, akakiweka kando ya cha kwanza, akavilinganisha.

Hakumkaribisha. Alishika miguu ya mtoto, akaisogeza upande wa ukutani, ikabaki nafasi ya mtu mmoja.